Damu ya Kuchezwa na Damu ya Kweli



Juma hili tumeletewa swali na baba mmoja wa Kidichi, kisiwani Unguja. Kwa wale wasiopajua, Kidichi ni mahali pa mashamba, kiasi cha kilomita 11 kutoka mjini, ukipita Bububu kisha ukaiacha njia ya pwani na kupanda. Pana minazi, mikarafuu na midalasini, na pana hamamu kuukuu ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Wageni huja kuitazama, hupiga picha, hununua vikapu vya viungo, huondoka.

Baba huyo asema alimkuta mwanawe usiku nyuma ya nyumba, yeye na wenzake watatu, wameinamia simu moja. Walikuwa wakitazama sinema ya Ulaya ya kuchinjana: vijana wanakwenda porini, giza laingia, mmoja baada ya mwingine auawa kwa kisu. Alipomkemea, kijana alimjibu kwa adabu, "Baba, hii si ya uongo. Imetoka katika mambo yaliyotokea kweli." Baba akakosa la kusema. Sasa atuuliza: Je, ikiwa ni kweli, ndiyo yafaa kutazamwa? Na tena, je, amnyang'anye kijana ile simu?

Swali la kwanza ni kubwa, na jibu lake latupitisha njia ndefu kidogo. La pili tutalijibu mwishoni.

Kwa maelezo aliyotupa, sinema hiyo twaitambua. Yaitwa Bodom, ilitengenezwa Finland mwaka 2016 na bwana Taneli Mustonen. Bodom ni jina la ziwa, karibu na mji wa Espoo. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 1960, vijana wanne walipiga hema kando ya ziwa hilo. Kulipokucha watatu walikuwa wamekufa kwa kuchomwa kisu na kupigwa, na wa nne alikuwa mahututi. Muuaji hakujulikana. Miaka 44 baadaye polisi walimkamata yule yule aliyesalimika, mtu mzima sasa, na mwaka 2005 mahakama ikamwachilia kuwa hana hatia. Basi mpaka leo hakuna aliyehukumiwa.

Hayo ndiyo ya kweli. Katika sinema, kundi jingine la vijana, wa zama hizi, linakwenda ziwani kuigiza upya yale mauaji, nao wanaanza kuuawa. Hilo halikutokea. Limetungwa. Kijana wa Kidichi amesema kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo chambo chenyewe. Wafanya biashara ya sinema wamejua zamani kwamba mtu akiambiwa "hii ilitokea," husogea karibu zaidi na kioo. Waigizaji wakiisha kufa hufuta ile rangi nyekundu, wakaenda kula chakula cha jioni. Lakini watoto watatu wa Bodom walikuwa na mama zao, na mama hao hawakuwa na rangi ya kufuta.

Hata hivyo, hatutaki kuikemea Finland kwa sauti kubwa kupita kiasi. Hadithi za kutisha zimo katika kila nchi. Nani kati yetu hakusimuliwa na bibi yake habari za zimwi, akajifunika shuka mpaka kichwani? Mtoto hupenda kuogopa akijua kuwa bibi yupo karibu. Na watu wa mashamba ya Unguja walipenda sinema tangu zamani. Zilipokuwapo Majestic pale Vuga, na Empire, na Cine Afrique, watu wa shamba walipanda gari siku za sikukuu, wamevaa nguo mpya, wakaenda kulia na kucheka kwa picha za Kihindi. Serikali za nyakati zote ziliweka watu wa kuzitazama picha kabla ya kuonyeshwa, na hata leo Zanzibar ina Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Ila baraza haliwezi kukaa nyuma ya kila nyumba usiku. Simu haina bawabu mlangoni.

Sasa tuje penye uzito. Kijana wa Kidichi hana haja ya kwenda mpaka Finland kutafuta sinema ya Mzungu iliyotoka katika mauaji ya kweli. Ipo moja iliyochukuliwa juu ya kisiwa chake mwenyewe. Nayo imo katika simu ile ile.

Mwaka 1966 ilitoka Italia picha iitwayo Africa Addio, maana yake Afrika, kwaheri. Walioitengeneza ni Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Kabla yake walikuwa wamekwisha pata jina na fedha nyingi kwa picha yao ya mwaka 1962, Mondo Cane, iliyokusanya mambo ya ajabu na ya kuchukiza kutoka duniani kote. Kisha wakazunguka Afrika kwa muda wa miaka mitatu hivi, wakati bendera za wakoloni zikiteremshwa, wakitafuta moto, damu, mizoga ya viboko na tembo, na maiti za watu. Hawakuhitaji waigizaji.

Wakapita juu ya Unguja Januari 1964. Wasomaji wa makamo wanayajua yaliyokuwapo. Zanzibar ilikuwa imepata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari, watu wenye mapanga na mikuki waliziteka ghala za silaha za polisi, Ziwani na Mtoni, na mpaka jioni Sultani Jamshid alikuwa ameondoka kwa merikebu. Siku zilizofuata waliuawa watu wengi, Waarabu zaidi, mjini na mashamba. Hesabu haijapatana mpaka leo: wapo wanaosema mamia, wapo wanaosema elfu nyingi, mpaka elfu ishirini. Wengine maelfu walikimbilia Mombasa, Dubai na Maskati.

Wale Waitaliano walipiga picha kutoka angani. Katika sinema yao huonekana mistari ya watu wanaotembea, huonekana mashimo marefu, huonekana maiti zimelala. Wote ni wadogo, kama sisimizi wakionekana kutoka juu ya mnazi. Sauti ya mwenye kusimulia yapita juu yao, na muziki mzuri, kisha ndege yageuka na sinema inakwenda nchi nyingine.

Wengi waliozichunguza picha hizo hukubali kuwa ni za kweli. Ni katika picha chache sana za kutembea zinazoonyesha siku zile, na kwa hiyo zimekuwa kitu cha kugombaniwa. Ng'ambo, wapo wanaozionyesha kwa wajukuu wao kama ushahidi. Unguja, wapo wanaosema kuwa zimetungwa. Nasi twasema hivi: maiti ni za kweli, lakini sinema si ya kweli kwa kuwa tu maiti ni za kweli. Kinachoonyeshwa kimechaguliwa, na kisichoonyeshwa kimechaguliwa pia.

Mathalani, mtazamaji haambiwi vizuri kwa nini watu walifikia kushika mapanga. Haelezwi habari za wakulima waliofukuzwa katika mashamba waliyokuwa wakiishi, wala ghasia za uchaguzi za Juni 1961 zilizoua watu 68, wala uchaguzi wa Julai 1963, ambapo chama cha Afro-Shirazi kilipata kura zaidi ya nusu, kikapewa viti 13 katika 31. Watu wa Kidichi wanayajua haya kwa miguu yao, maana baada ya Mapinduzi mashamba yaligawanywa, na wazee wao wakapewa zile eka tatu tatu. Hatusemi hayo kumhalalishia mtu yeyote kumwua jirani yake na watoto wake. Hakuna kura wala eka inayohalalisha hilo. Twasema tu kwamba picha isiyotaja sababu humfundisha mtazamaji kuwa sababu ni rangi ya ngozi: kwamba Mwafrika huua kwa kuwa ni Mwafrika. Na hayo ndiyo yaliyowauma wengi. Agosti 1966, huko Berlin Magharibi, wanafunzi wa Kiafrika pamoja na wenzao Wajerumani walikwenda kuipinga katika jumba la sinema, wakafanya fujo hata ikaacha kuonyeshwa pale.

Na upande wa pili vile vile, picha hiyo haimtaji hata mfu mmoja. Yule aliyelala pale, jina lake nani? Alikuwa na duka la dawa za mkono na mafuta ya taa? Alikuwa mwalimu? Alikopesha watu mchele mwezi ule? Ndege haiwezi kujua. Mama mmoja mzee, alipoonyeshwa kipande hicho na mjukuu wake, alikitazama kidogo, akauliza, "Hawa waliokuwa juu, hawakushuka?" Mjukuu akacheka, akidhani bibi haelewi mambo ya ndege. Sisi twaona bibi alielewa kuliko wote. Kweli, siku zile kushuka ilikuwa hatari, na pengine wangeuawa. Lakini swali lake halikuwa la uwanja wa ndege.

Watengenezaji hao wenyewe walipata taabu kwao. Gazeti moja la Italia liliandika kwamba huko Kongo, mwaka 1964, walikuwapo mtu alipopigwa risasi, na kwamba mauaji yaliwangojea wao waweke kamera tayari. Wakashitakiwa. Wakajitetea, na mahakama ikawaona hawana hatia, nasi hatuna neno juu ya hukumu hiyo. Lakini tazameni, wazazi, tumefika wapi: mahakama imekaa kuuliza kama mtu aliuawa kwa ajili ya vita, au kwa ajili ya sinema.

Tena mkasa wake haukuishia hapo. Mwaka 1970 picha ile iliuzwa Marekani. Mwenye kuinunua aliikata karibu nusu. Aliondoa maneno mengi, akabakiza kuua, akaibandika jina jipya lenye maana ya Afrika, damu na matumbo. Jacopetti mwenyewe aliikataa. Hivyo watu wa Unguja waliokufa Januari 1964 waliwekwa kwenye ubao mmoja wa matangazo na sinema za mashetani na wachinjaji wa kuigiza, na kijana wa mji wa mbali akanunua tiketi na bisi, akaketi. Hakuwa na njia ya kujua kuwa safari hii hapakuwa na rangi nyekundu.

Basi, bwana wa Kidichi, hili ndilo jibu letu. Kweli ya jambo haiifanyi picha yake ifae. Pengine ndiyo inayoizidishia deni. Sinema ya Bodom mkanye mwanao kama unavyomkanya kitu kingine cha kumharibia usingizi, wala usiifanye kuwa jambo kubwa. Akikua ataiona ya kipuuzi. Lakini ikiwa siku moja atakuja na ile nyingine, nasi twadhani siku hiyo itafika, usimkemee, na usiseme "Hayo ya zamani, yaache." Kaa naye. Mwulize anaona nini. Mwambie ni wapi pale, na nani walikaa huko. Ikiwa kuna jina unalolijua, litaje. Akiwa mpenda kusoma, mpe Kasri ya Mwinyi Fuad cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1978, aone maisha ya mabwana na watumwa wao wa kazi kabla ya siku ile. Na akiwa mkubwa zaidi, mpe Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! cha Harith Ghassany, cha mwaka 2010, chenye maneno ya watu waliokuwamo wenyewe. Vitabu hivyo viwili havipatani, na hiyo ndiyo faida ya kuvisoma vyote viwili.

Lakini vitabu vyaweza kungoja. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule, leo amekwisha kupita 80. Pale Kidichi, na Kizimbani, na Bububu, wangali wapo wachache barazani. Baadhi yao hawatapenda kusema, na wana haki yao. Wengine hawajawahi kuulizwa.

Na kuhusu simu: usimnyang'anye. Atatazama kwa simu ya mwenzake, tena mbali nawe. Mwambie tu kuwa kila usiku, baada ya chakula, simu itawekwa juu ya kabati la mama yake, na yako wewe iwekwe hapo hapo.