Kukubali kwa Kuchoshwa

Kwa desturi zetu mgeni hupiga hodi, mwenye nyumba akaitika karibu, kisha mgeni akaingia na kuketi. Sijapata kusikia nyumba ambayo mgeni akiisha kukaribishwa, mwenyeji humrukia pale mlangoni, akamziba macho kwa viganja na kumwambia: kwanza niandikie jina na anwani yako, pili uniruhusu nikufuate kila uendako, ndipo nikuonyeshe kiti. Mwenyeji wa namna hiyo tungemwona ana kichaa. Lakini ndivyo tunavyopokewa kila siku katika kurasa za intaneti, na tumezoea hata hatulalamiki tena.

Nasema juu ya vile visanduku vinavyoruka mbele ya macho ya msomaji, ambavyo wataalamu huviita madirisha ibukizi. Unafungua habari ya bei ya mahindi. Kabla hujamaliza sentensi ya kwanza, kisanduku hiki hapa: kubali vidakuzi, yaani vile vijifaili vinavyowekwa ndani ya simu yako ili utambuliwe ukirudi, na mara nyingi ili ufuatwe hata ukienda kwingine. Ukikiondoa, cha pili kinataka barua pepe yako. Cha tatu kinaomba ruhusa ya kukutumia taarifa usiku na mchana. Na kwa watumiaji wa kompyuta lipo balaa jingine: kishale kikipita tu juu ya neno au picha, bila wewe kubofya chochote, linakunjuka pazia la tangazo na kufunika aya uliyokuwa ukiisoma. Kosa lako ni kusogeza mkono!

Asili ya jambo hili inachekesha. Mmarekani Ethan Zuckerman alifanya kazi katika kampuni ya Tripod miaka ya 1990, ambako watu walijitengenezea kurasa zao wenyewe. Kampuni moja ya magari ilikuta tangazo lake limewekwa katika ukurasa wa mambo ya faraghani, ikachukia. Ndipo Zuckerman akaandika programu ya kulifungulia tangazo dirisha lake peke yake, ili lisionekane kuwa ni sehemu ya ukurasa ule. Mwaka 2014 aliandika makala akaomba radhi kwa ulimwengu. Basi kitu kilichobuniwa ili tangazo likae mbali na maandishi, leo kimekuwa cha kuyafunika maandishi yenyewe.

Tuliwahi kupata nafuu. Vivinjari kadhaa vilianza kuyazuia madirisha hayo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2004 Microsoft nayo ikaweka kizuizi katika kivinjari chake. Wenye matangazo hawakutubu. Waliacha kufungua dirisha jipya, wakaanza kutandika kisanduku ndani ya ukurasa uleule, mahali ambapo kizuizi cha zamani hakifiki.

Najua jibu la watetezi wao, nami nimeshalisikia mara nyingi: vya bure vina gharama, mwandishi naye anakula, bila matangazo hakuna habari. Nakubali kabisa kwamba mwandishi anakula. Lakini gazeti la karatasi nalo lilibeba matangazo ya sabuni, ya vitenge na ya minada, na hata siku moja tangazo la sabuni halikunyanyuka kutoka ukurasa wa saba likaja kulala juu ya habari ya bunge. Lilikaa mahali pake likingoja jicho langu. Tena hiyo bure ni ya nani? Mimi nanunua bando kwa fedha zangu, na picha za tangazo lao hupita katika bando hilohilo. Na simu ya bei ndogo, ambayo ndiyo simu ya wengi wetu, huchelewa kupakua. Kisanduku kinafika kikiwa kimechelewa, maandishi yanashuka ghafla, na kidole kilichokusudia kufungua habari kinaangukia tangazo. Anayelipisha watangazaji kwa kila kubofya analipwa kwa kidole kilichoteleza. Hiyo si biashara, ni mtego.

Usumbufu ningeuvumilia. Nisichokivumilia ni hili neno "nakubali". Kitufe cha kukubali ni kikubwa, kina rangi ya kuvutia, kiko karibu na kidole gumba. Cha kukataa hakipo. Kuna maneno membamba ya kijivu yanayosema "simamia mapendeleo", nawe ukiyafuata unakuta orodha ndefu ya makampuni usiyoyajua. Wengine huongeza kejeli, wakaandika kwenye sehemu ya kukataa: "Hapana, sipendi kuokoa fedha." Mtu mzima analazimishwa kujitukana ili asome habari!

Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilihukumu Oktoba 2019, katika kesi ya kampuni ya Ujerumani iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni, kwamba kisanduku kilichokwisha wekewa alama ya vema kabla mtu hajakigusa si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali kulihitaji kubofya mara moja na kukataa mara kadhaa. Kwetu pia sheria zipo: Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Ile ya Kenya inataka ridhaa iwe ya hiari na ya wazi. Je, ya mtu aliyebofya ili tu apishwe njia, nayo ni ya hiari?

Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, alibofya "Ruhusu" katika ukurasa fulani kwa kudhani bila hivyo hataruhusiwa kusoma. Tangu hapo simu yake ikawa inalia usiku na kumtangazia kwamba ina virusi na afanye haraka kununua dawa yake. Alikaribia kulipa. Ilibidi kijana wa mtaani aingie katika mipangilio ya kivinjari na kuifuta ruhusa ile, kazi ya dakika mbili. Lakini nani alimwambia mzee kwamba ruhusa hufutika? Kisanduku cha kuomba kilimfuata mbio, cha kufuta alitakiwa akitafute mwenyewe.

Mimi siku hizi hutumia hali ya msomaji pale kivinjari kinapokuwa nayo. Huondoa mapambo yote na kubakiza maandishi. Maombi ya taarifa nimeyazima yote kwa mpigo mmoja. Ukurasa unaonifunika macho mara mbili naufunga, hata kama habari ni nzuri. Lakini hizi ni mbinu za mtu anayejua mahali pa kubofya, na mzee yule hakujua.

Kwa hiyo nawadai wahariri wa magazeti yetu, ambao kila siku huwahimiza wengine kutenda haki, jambo moja dogo: kitufe cha kukataa kiwe papo hapo penye kitufe cha kukubali, kwa ukubwa uleule, kwa rangi ileile, na kwa Kiswahili kile wanachoandikia habari zao.