Upepo wa Aprili haujui ratiba yako

Mimi ni dereva wa lori. Kazi yangu ya kwanza barabarani ilikuwa utingo, kati ya Makambako na Tunduma. Anayeijua Makambako anaujua upepo. Mama alipoanika mahindi aliweka mawe kwenye pembe nne za turubai, na bado kuna siku turubai tulilifuata kwa jirani.

Ndiyo maana miaka tisa iliyopita, nilipohamia Albuquerque katika jimbo la New Mexico, Marekani, na wenyeji wakanionya juu ya upepo wa majira ya kuchipua, nilicheka kimoyomoyo. Nimetoka nyanda za juu, nimekuja nyanda za juu. Mji huu nao umekaa kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Sikujua kwamba jangwa lililo juu hivi lina tabia zake.

Kuanzia Machi hadi Mei siku moja huku inabeba misimu mitatu. Saa kumi na mbili asubuhi nakwangua sakitu kwenye kioo. Saa nane mchana nimeshavua koti na sweta, nimebaki na fulana. Saa tisa mlima Sandia, ulio mashariki ya mji, haupo tena, vumbi limeumeza. Jioni unaiona mvua kwa macho yako ikining'inia chini ya wingu kama pindo la khanga, lakini chini haifiki, hewa kavu inainywa njiani. Jirani yangu, mzee wa watu, ana mti wa aprikoti. Joto la Machi huudanganya ukachanua, baridi ya Aprili ikaja kuua maua. Katika miaka tisa nimekula matunda ya mti ule mara mbili.

Chanzo chake si muujiza. Majira haya, ule mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi huko juu angani unakuwa haujahamia kaskazini bado, na jua limekwisha kupata nguvu. Ardhi kavu ikipata moto, hewa ya chini inapanda na ya juu inateremka pamoja na kasi yake. Kwa hiyo alfajiri kunakuwa kimya, kwenye saa tano upepo unaamka, na jua likizama mara nyingi nao unalala. Dereva anayebeba mzigo mwepesi hupita asubuhi.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Hali ya hewa ya huku ni kigeugeu, lakini si siri. Huwezi kuijua siku mwezi mmoja kabla. Asubuhi yake unaisoma. Anayeisoma ni yule aliye karibu nayo, na mara nyingi huyo ndiye asiye na ruhusa ya kusema hapana.

Aprili moja nilikuwa na tela tupu, naelekea Arizona kwa barabara kuu ya I-10. Simu ililia kunionya kuhusu vumbi mbele. Nikampigia anayetupangia safari. Akajibu kwamba mteja anasubiri, na wenzangu wamekwishapita. Nikaenda. Magharibi ya mji wa Lordsburg barabara inakatiza ziwa lililokauka zamani, udongo wake laini kama unga wa muhogo. Nililiona vumbi likija kama ukuta wa nyumba. Sheria ya huku ni hii: toka kabisa barabarani, zima taa zote, vuta handbreki na uondoe mguu kwenye breki. Taa zizimwe, kwa sababu anayekuja nyuma haoni barabara, anafuata taa zako akidhani unatembea, kisha anakugonga. Nikakaa gizani saa tisa mchana, tela linayumba kama kitanda cha kamba, nikiyahesabu magari kwa masikio. Aliyeniambia niende alikuwa ofisini katika mji mwingine, na huko jua lilikuwa linawaka vizuri.

Mimi nilipona na kuchelewa. Watu wa milima ya kaskazini mwa jimbo hili hawakupata bahati hiyo. Tarehe 6 Aprili 2022, Idara ya Misitu ya Marekani iliwasha moto wa makusudi karibu na mji wa Las Vegas wa New Mexico, si ule wa kamari. Nia ilikuwa njema: kuchoma majani na matawi makavu ili moto wa kiangazi ukose chakula. Upepo ukaubeba nje ya mipaka. Wiki mbili baadaye ukaungana na moto mwingine, uliotokana na marundo ya matawi yaliyochomwa Januari yakabaki yakifuka chini ya theluji. Moto huo uliteketeza zaidi ya hekta 138,000, eneo linalokaribiana na Mkoa mzima wa Dar es Salaam. Majengo zaidi ya 900 yakaisha. Haujawahi kurekodiwa moto mkubwa kuliko huo katika jimbo hili.

Idara yenyewe ilijichunguza na kukiri. Mpango ulikuwa na kibali, lakini ukavu wa msitu ulikadiriwa chini ya hali halisi, na baadhi ya waliohusika walisema walijisikia kusukumwa wakamilishe kazi. Sentensi hiyo niliisoma mara mbili, maana naijua. Ndiyo ile ile ya "mteja anasubiri."

Najua nitajibiwa. Wataalamu watasema siku zinazofaa kuchoma msitu ni chache, na kila mtu akisema hapana msitu utajaa kuni na kuungua vibaya zaidi. Ni kweli. Mwenye kampuni atasema madereva wavivu watapata kisingizio. Hilo nalo lina ukweli kidogo. Nimefanya kazi na wenzangu wa aina hiyo. Lakini tazameni marekebisho ya Idara ileile. Ilisimamisha uchomaji huo nchi nzima kwa siku 90, kisha ikaurudisha kwa masharti, na mojawapo ni kwamba ruhusa ya kuwasha moto inadumu saa 24 tu. Mpango wa mwaka jana hauwashi kiberiti leo. Asubuhi ya leo ndiyo inayowasha. Kazi haikufutwa. Kilichobadilika ni kwamba siku nayo imepewa kauli.

Wakulima wa milima ile ya kaskazini hawakuhitaji moto kuwafundisha hilo. Huko mifereji ya kumwagilia huitwa acequia, urithi wa enzi za Wahispania. Kila majira ya kuchipua wanaotumia maji hutoka na majembe kuisafisha. Wenyewe ndio humchagua msimamizi wao, mayordomo. Maji yaende kwa nani na lini, anaamua aliyesimama kwenye mfereji huku matope yamemfika magotini.

Nyumbani Makambako, mkoani Njombe, hatuna majira ya kuchipua, lakini tuna Septemba na Oktoba, majani yamekauka na upepo uko macho. Kaka yangu alipoteza shamba la paina la miaka saba kwa moto wa mtu aliyekuwa akisafisha shamba lake. Kwa nini alichoma siku ile yenye upepo? Kwa sababu ndiyo siku aliyopata vibarua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ratiba.

Naomba mambo mawili, na yote hayahitaji mfadhili. La kwanza, kijiji kinachoruhusu kuchoma shamba kitoe ruhusa asubuhi ya siku hiyohiyo, na iishe jua likizama. Mwenyekiti atoke nje, atazame majani ya migomba, ndipo atie sahihi. La pili, mkataba wa dereva wa lori au wa basi, na wa nahodha wa boti, uwe na mstari mmoja: akikataa kuondoka kwa sababu ya hali ya hewa iliyotolewa tahadhari, hapotezi ujira wa siku hiyo. Haki ya kusema "leo hapana" bila kulipwa ni haki ya matajiri tu.

Hili la ujira silisemi kwa kusoma. Mwezi uliopita nilipata tahadhari ya vumbi nikiwa mji wa Deming, kwenye barabara ileile ya I-10. Nikaegesha, nikapiga simu, nikasema leo hapana. Sisi hulipwa kwa maili, na lori lililoegeshwa halina maili. Nilikula mkate na maharage ya kopo, nikalala. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri bendera ya kituo cha mafuta ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake. Nikapita Lordsburg anga ikiwa safi, nikaufikisha mzigo kwa mteja akiwa bado amenuna.

Mzigo wenyewe ulikuwa karatasi za chooni. Haukuoza.