Shamba la Nabothi na Dhahabu ya Kakamega



Kila Mkristo wa Kakamega aliyepita shule ya Jumapili anakijua kisa cha Nabothi. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu, Nabothi akakataa kuutoa urithi wa baba zake, na Yezebeli akachukua hatua. Tunaomba leo mkitazame kisa hicho kwa jicho jingine. Yezebeli hakutuma wanyang'anyi usiku. Aliandika barua, akazitia mhuri wa mfalme, wazee wa mji wakaketi, mashahidi wakasimamishwa, hukumu ikatolewa. Shamba lile lilichukuliwa kwa kufuata utaratibu, na waliokuwa na mamlaka ya kuuzuia utaratibu huo ndio waliouendesha.

Sisi wa Kakamega tuliwahi kuwa Nabothi. Twakumbusha habari hiyo kwa sababu vijana wetu wengi wanajua neno Rosterman kama jina la mtaa tu, na hawajui kwamba hapo palikuwa na mgodi uliofungwa mwaka 1952, wala hawajui sheria iliyoufungulia mlango.

AHADI YA MWAKA 1930

Waingereza walipoiweka nchi hii chini yao, Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliifanya ardhi ya Mwafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mzee aliyelima mahali alipozikwa babu yake akawa, machoni pa sheria, mpangaji asiye na hati. Malalamiko yalienea kotekote, nasi wa Kavirondo ya Kaskazini, kama wilaya yetu ilivyoitwa, tulikuwa miongoni mwa waliolalamika. Hatimaye, mwaka 1930, serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Ndani yake ziliandikwa ahadi nzito: maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya Waafrika yangekuwa yao milele, sehemu yoyote ikihitajika kwa shughuli nyingine, ardhi ya ukubwa ule ule ingetolewa badala yake, na baraza la wenyeji lingeulizwa kwanza.

Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ilionekana Kakamega. Ulikuwa wakati wa mdororo wa uchumi duniani, bei za mazao zilikuwa zimeanguka, na walowezi wengi walikuwa na madeni. Walikuja kwa mamia wakiwa na mahema na sululu, wakasimika vigingi katika mashamba ya watu. Mwezi Desemba 1932, katika muda wa siku chache, Baraza la Kutunga Sheria jijini Nairobi liliibadilisha sheria ile. Ardhi iliyohitajika kwa uchimbaji ingeweza kuondolewa katika eneo la wenyeji bila ardhi nyingine kutolewa badala yake. Fidia ingekuwa fedha. Sharti la kuliuliza kwanza baraza la wenyeji likafutwa. Na haya yalitendeka wakati Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter ilikuwa bado inasikiliza malalamiko ya Waafrika. Ripoti yake ilitoka mwaka 1934.

Kwa hiyo lile neno "milele" lilidumu miaka miwili.

NANI ALIKUWEPO?

Wahenga wetu walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Ni nani alikaa katika baraza lile kwa niaba ya Kakamega? Walowezi walikuwa na wajumbe wao waliowachagua tangu mwaka 1920. Mwafrika hakuwa na hata mmoja wa damu yake. Tangu mwaka 1924 aliyeteuliwa kusema kwa niaba ya Waafrika alikuwa Mzungu, wa kwanza akiwa mmisionari Dakta John Arthur, na hali iliendelea hivyo hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Kumbe kodi ya kibanda tulikuwa tukiilipa tangu mwanzo wa karne ile! Baba zetu waliacha nyumba zao wakatafuta vibarua katika mashamba ya walowezi ili wapate shilingi za kodi. Waliigharimia serikali ambayo hawakuwa na kiti ndani yake.

Jambo hili halikuwa geni duniani. Waingereza waliohamia Amerika waliishi chini ya Mfalme yule yule kwa zaidi ya miaka 150. Mwaka 1765 Bunge la London lilipowatoza ushuru wa stempu juu ya karatasi zao, walikataa wakisema hawana mwakilishi katika Bunge hilo. Ugomvi huo ulikua hadi vita, na mwaka 1776 wakajitangazia uhuru. Hoja yao ilikuwa ya haki, nasi twaipokea. Ila twaongeza jambo ambalo vitabu vya shule hupenda kulipita haraka: Katiba waliyoiandika mwaka 1787 iliuacha utumwa uendelee, na wenye nchi wa asili hawakuhesabiwa miongoni mwa raia. Mwaka 1829 mbio za kutafuta dhahabu zilipofika katika ardhi ya Wacherokee kule Georgia, mikataba waliyokuwa nayo haikuwalinda. Mwaka 1830 ilitungwa sheria ya kuwahamisha, na mwaka 1838 wakaswagwa na askari hadi magharibi, maelfu wakifia njiani. Waliodai uwakilishi kwa ajili yao wenyewe waliwanyima wengine.

Fundisho ni moja, iwe Georgia au Kakamega. Ahadi iliyoandikwa haijilindi yenyewe. Hulindwa na mwenyewe akiwepo pale inapoweza kubadilishwa.

KANISA HALIKUNYAMAZA LOTE

Itakuwa dhambi tusipowataja waliosema. Archidikoni Walter Owen wa Kanisa la Anglikana katika Nyanza aliipinga sheria ile hadharani. Huko Uingereza suala hilo lilijadiliwa Bungeni mwaka 1933, na hata Lord Lugard, ambaye hakuna atakayemwita adui wa ukoloni, alikosoa ahadi kuvunjwa. Hapa nyumbani, katika miaka hiyo hiyo ya 1930, Chama Kikuu cha Kavirondo ya Kaskazini kilianzishwa, na wengi wa watu wake walikuwa waumini wa Kanisa la Friends, lililofika Kaimosi mwaka 1902 kwa mikono ya wamisionari kutoka Marekani. Walioanza kusoma ili waisome Biblia walitumia kusoma huko huko kuandika malalamiko ya ardhi. Sheria haikurudishwa kama ilivyokuwa. Lakini watu walijifunza kwamba kulalamika chini ya mti hakutoshi. Sharti kiti kipatikane ndani ya nyumba.

Kiti kilipatikana. Mwezi Machi 1957 Waafrika wanane walichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na wapiga kura wa Nyanza Kaskazini wakampeleka Masinde Muliro. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilipandishwa, nasi tukawa na katiba yenye Baraza la Seneti na serikali za majimbo.

Je, tuliilinda? Hapa lazima tujihukumu wenyewe. Mwezi Novemba 1964 KADU, chama kilichopigania majimbo hayo na ambacho wengi wetu wa Magharibi tulikipenda, kilijivunja kwa hiari na viongozi wake wakavuka kwenda KANU. Majimbo yakanyong'onyea, na Seneti nayo ikaondolewa. Hakuna mkoloni aliyefanya hayo. Yalifanywa na watu wetu, sisi tukiwa tunapiga makofi. Ndiyo maana mwezi Juni 1982, Bunge lilipoingiza kifungu cha 2A na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria, hapakuwa na nguvu ya kuzuia. Na mwaka 1988 tukapangwa mlolongo nyuma ya wagombea, na mara nyingine aliyekuwa na mstari mfupi akatangazwa mshindi. Tulikuwa tumekuwa na wabunge kwa miaka 25, lakini kwa mara nyingine tena hatukuwepo.

Wachache walisimama. Mwaka 1975 Muliro alifukuzwa uwaziri kwa kupiga kura dhidi ya serikali yake kuhusu ripoti ya mauaji ya J. M. Kariuki. Mwaka huo huo Martin Shikuku wa Butere alitiwa kizuizini kwa maneno aliyoyasema ndani ya Bunge. Wote wawili walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa FORD mwaka 1991, na wote wawili walikamatwa kwa ajili ya mkutano wa Kamukunji wa tarehe 16 Novemba mwaka huo. Mimbarani, Mchungaji Timothy Njoya, Askofu Henry Okullu na Askofu Alexander Muge walikuwa wamekwisha kusema wakati kusema kulikuwa hatari. Mwezi Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa. Muliro alifariki Agosti 1992, kabla ya kuuona uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba mwaka huo.

TUNAYODAI, NA TUNAYODAIWA

Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ni ahadi nzuri kuliko ile ya mwaka 1930. Ibara ya kwanza yasema mamlaka yote ni ya wananchi. Ushiriki wa wananchi umeandikwa kuwa msingi wa utawala. Ardhi ikichukuliwa kwa manufaa ya umma, fidia sharti iwe ya haki na itolewe bila kuchelewa. Nguzo kuu za Katiba hiyo haziwezi kubadilishwa bila kura ya maoni. Na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa.

Nayo dhahabu haijaisha. Mwaka 2025 mpango wa mgodi mkubwa huko Isulu na Bushiangala, katika Ikolomani, ambao ungehamisha familia nyingi, uliamsha upinzani mkali. Hatusemi kwamba madini yasichimbwe. Hatusemi kwamba kila anayetaka kuchimba ni Ahabu. Twasema kwamba mama mwenye robo ekari na makaburi mawili ya wazazi wake aulizwe kabla ya mpango kukamilishwa, aulizwe kwa lugha anayoielewa, na jibu lake liwe na uwezo wa kubadilisha jambo. Akiitwa mwishoni ili atie kidole gumba, huo si ushiriki. Huo ni mhuri wa Yezebeli.

Lakini serikali ikidaiwa hayo, nasi twadaiwa yetu. Mara ngapi tangazo la mkutano wa maoni limebandikwa ofisini kwa chifu, nasi tukawaachia wazee watatu na vijana waliofuata nauli? Mara ngapi tumemkasirikia mbunge kwa kutofika mazishini, wala tusimwulize alipiga kura gani juu ya mswada wa ardhi? Twaomba kila kanisa, baada ya ibada, lisome matangazo ya mikutano ya umma pamoja na matangazo ya harusi. Kila ushirika uteue watu wawili wa kuhudhuria, mmoja wao awe mwanamke, na waandike yaliyosemwa na nani aliyasema. Nakala ibaki kanisani. Miaka miwili baadaye mtu akija kusema kwamba wananchi walikubali, kitabu kifunguliwe.

Nabothi alikuwa na haki, lakini siku ya hukumu yake hapakusimama hata jirani mmoja upande wake. Eliya alifika shamba likiwa limekwisha kuchukuliwa. Sisi tusimngoje Eliya. Mkutano ukitangazwa, twendeni.