Pengo la mshahara huanzia kwenye semina

Wafanyakazi wawili, mwanamke na mwanaume, wanaajiriwa siku moja katika kampuni moja. Vyeti vyao vinafanana na mshahara wao ni mmoja, Sh600,000 kwa mwezi. Miaka mitano baadaye mwanaume ni msimamizi wa kitengo na analipwa Sh900,000. Mwanamke bado yuko kwenye dawati lile lile, akisubiri nyongeza ndogo ambayo kila mtu huipata mwisho wa mwaka.

Mwajiri akiulizwa, atajibu bila wasiwasi kwamba hapo hakuna ubaguzi. Msimamizi ni lazima awe amepitia mafunzo, na mwanamke huyo hana mafunzo.

Ni kweli hana. Kwa nini hana?

Mara nyingi mambo huenda hivi. Semina ya kwanza ilitangazwa akiwa likizo ya uzazi na hakuna aliyempigia simu. Ya pili ilikuwa ya wiki mbili katika mkoa mwingine, mtoto akiwa na miezi saba. Bosi akalikata jina lake bila kumuuliza, akisema mama asisumbuliwe, ana mtoto mchanga. Ya tatu ilipangwa Jumamosi, siku ambayo dada wa kazi huenda kwao.

Hakuna aliyemfanyia ubaya kwa makusudi, na pengine bosi alidhani anamhurumia. Lakini yule mwanaume naye huenda ana mtoto wa miezi saba nyumbani, na hakuna aliyewahi kumuuliza atamwacha na nani.

Hesabu yake ni nzito. Tofauti ya Sh300,000 kwa mwezi ni Sh3.6 milioni kwa mwaka. Hiyo ni ada ya shule, ni bati za kumalizia nyumba. Na kwa kuwa michango ya NSSF hukatwa kwa asilimia ya mshahara, anayelipwa kidogo leo huwekewa kidogo kwa ajili ya uzee. Hasara hiyo si ya mama peke yake. Mume, watoto na hata bibi anayetumiwa pesa ya dawa kijijini wanaibeba pamoja naye.

Mchumi Claudia Goldin wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2023, alichunguza takwimu za Marekani za zaidi ya miaka 200. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya kipato siku hizi ipo kati ya wanawake na wanaume wa kazi ile ile, na kwamba hujitokeza zaidi baada ya kuzaliwa mtoto wa kwanza. Marekani si Tanzania, lakini mzazi yeyote anayefanya kazi ya ajira atalitambua jambo hilo.

Sheria ipo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia au ujauzito, na katazo hilo linagusa mafunzo na kupandishwa cheo pia. Inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha mwanamke na mwanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi anaendelea na kazi kwa masharti yale yale. Anayenyonyesha ana ruhusa ya hadi saa mbili kwa siku.

Baba anapewa siku tatu tu, tena zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kenya ni wiki mbili. Kwa siku tatu, ni rahisi mwajiri na hata baba mwenyewe kuamini kwamba mtoto ni shughuli ya mama.

Mama anaweza kufanya nini? Kabla ya kuanza likizo, amwandikie ofisa utumishi ujumbe mfupi kwamba angependa kujulishwa mafunzo yoyote yatakayotangazwa. Akirudi, aulize yapi yamepita na lini yatarudiwa. Jina lake likikatwa, aombe sababu kwa maandishi, bila ugomvi. Chama cha wafanyakazi kikiwepo, akishirikishe mapema. Mazungumzo yakishindikana, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Akichelewa, itabidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu.

Lakini barua hiyo haitasaidia kama nyumbani hakuna mtu wa kubaki na mtoto. Hapo ndipo baba anapoingia. Mama akitangaziwa semina ya wiki mbili, wakae chini siku hiyo hiyo na kugawana: nani atampeleka mtoto kliniki, nani atawahi kurudi jioni, bibi au shangazi aje siku zipi. Baba akiogopa kucheka kwa wenzake kwa kuomba ruhusa ya kumhudumia mtoto, akumbuke ile Sh3.6 milioni.

Watoto nao wanaangalia. Gari au pikipiki ikiharibika, mara nyingi kaka ndiye anayeitwa kushika tochi na kujifunza jina la kila kifaa, huku dada akitumwa jikoni. Simu mpya ikinunuliwa, kijana ndiye anayeambiwa aiweke sawa. Hayo ni mafunzo kazini ya kwanza kabisa, na binti tayari ameachwa nje ya orodha.

Wikiendi hii kazi hizo zinaweza kubadilishwa bila gharama yoyote. Binti ashike tochi na spana, kaka asonge ugali na kumbembeleza mdogo wao. Siku moja binti huyo atatangaziwa semina, na kaka yake atakuwa mume wa mtu aliyetangaziwa nyingine.