Kijana anapotaka pikipiki iongezwe pumzi

Mama mmoja wa Mandewa, Manispaa ya Singida, aliuza magunia ya alizeti akamnunulia mwanawe pikipiki ya cc 150. Haikupita miezi sita, kijana akarudi na ombi jingine. Alikuwa ameona kwenye simu video ya pikipiki kubwa ya Kimarekani, injini ya silinda mbili zilizokaa kama herufi V, imefungwa tabo.

"Mama, nikifunga ile, Sekenke napanda na matenga mawili ya kuku bila kushusha gia."

Mama hakujua tabo ni kitu gani. Alichojua ni kwamba hela inatakiwa tena, na kwamba binti yake wa miaka saba hupelekwa shule kila asubuhi akiwa amekaa juu ya tangi la pikipiki hiyohiyo.

Tabo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Feni hiyo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda ili mafuta mengi zaidi yaungue. Supachaja hufanya kazi hiyohiyo, ila huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda au gia. Si uongo wa mtandaoni. Mwaka 1982 Honda waliuza pikipiki iliyoitwa CX500 Turbo, yenye silinda mbili za V. Lakini injini ile ilipozwa kwa maji na mafuta yake yalipimwa kwa kompyuta. Mwaka 1983 ikafuata CX650, kisha kampuni ikaachana nazo.

Bodaboda ya mtaani ina silinda moja, inapozwa na upepo tu, na nyingi zinatumia kabureta. Ukiisukumia hewa kwa nguvu, joto linapanda, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inaweza kutoboka. Hata isipotoboka, breki zinabaki zilezile. Mwendo ukitoka kilomita 60 kwa saa kufika 85, nguvu ya kugonga inakuwa mara mbili. Hilo mzazi alikumbuke kuliko mambo yote ya feni.

Hata hivyo kijana ana hoja, na ni vibaya kumfokea. Mji wa Singida uko takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo pikipiki ileile ikifika hapa hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu yake. Anaposema pikipiki haivuti, haongopi.

Shida ni kinachofuata. Kwa kuwa tabo haipatikani, wengine huishia kukata sailensa na kutoa chujio la hewa. Pikipiki inanguruma kama kubwa, nguvu ni ileile au pungufu, na vumbi la barabara linaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Hapo afya ndiyo inalipa. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 inaweza kuvumiliwa kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90 ni saa nne tu kwa wiki, na ikifika 100 ni dakika 20. Dereva aliyekata sailensa anakaa juu ya kelele hiyo kutwa nzima. Ukiona kijana anaongeza sauti ya redio kila siku, au anasema masikio yanavuma usiku, mpeleke akapimwe. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

Bomba lenyewe nalo linaunguza. Kwenye bodaboda nyingi liko kulia, na mtoto akishukia upande huo ndama ya mguu hulifikia. Mpandishe na umshushe kushoto. Akiungua, mwagia jeraha maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na unga viache jikoni.

Na yule binti wa kwenye tangi? Kanuni za usafirishaji zinakataza bodaboda kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Kwa anayeruhusiwa kupanda, kofia ngumu inayomtosha, si ya kaka yake inayocheza kichwani, hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69.

Mama wa Mandewa alimfuata fundi mzee, akamuuliza mbele ya mwanawe. Fundi hakucheka. Alisafisha kabureta, akapunguza mafuta yaendane na hewa ya huku, akabadilisha chujio, akarekebisha vavu. Kisha akafunga sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi.

"Sasa itavuta mlima, kijana wangu. Ila mbio itapungua kidogo. Huwezi kupata vyote."

Hela iliyobaki ilinunua kofia mbili. Binti sasa anatembea kwenda shule na watoto wa jirani, anaamka mapema kidogo. Kijana anapanda Sekenke na matenga yake, ingawa bado analalamika kwamba barabara ya Manyoni wenzake wanampita.