Makala Itoke, Lakini Itokee Wapi?

Wapo wanaotuambia kwamba mwanafunzi aliyemaliza utafiti asihangaike na mchapishaji: mradi makala itoke na jina lionekane, basi. Napinga.

Hapa Kikorongo, ukiiacha barabara ya Mbarara ukashika ya Bwera, unafika mpaka wa Mpondwe. Mwezi wa Juni 2019 Ebola ilivukia hapo kutoka Kongo. Miaka 12 kabla yake, mwaka 2007, ilikuwa imezuka Bundibugyo, ng'ambo ya milima ya Rwenzori, ikiwa ni aina mpya ya kirusi. Makala iliyokitambulisha kirusi hicho ilitoka mwaka 2008 katika PLoS Pathogens, jarida lisilomtoza msomaji hata senti. Muuguzi wa Bwera anaweza kuisoma kwenye simu yake leo usiku. Lakini makala ngapi zilizoandikwa kuhusu damu yetu, samaki wetu na chumvi ya Katwe zimefungwa, na ukigonga mlango unadaiwa dola 30 au zaidi? Aliyechomwa sindano hana ruhusa ya kusoma majibu!

Watanijibu kwamba uhuria una gharama. Ni kweli, na hapo ndipo tunaponaswa. Majarida mengi huria humtoza mwandishi, tena kwa maelfu ya dola. Ila PLOS na wengine hupunguza au hufuta ada kwa watafiti wa nchi maskini. Ni wangapi kati yetu tumeambiwa hivyo na wasimamizi wetu? Majarida mengine ni yetu wenyewe: African Health Sciences la Makerere husomwa bure, na AJOL imekuwa ikikusanya majarida ya Afrika tangu 1998.

Halafu kuna matapeli. Hao nao hujiita huria. Hawana wahakiki, wana akaunti ya benki tu. Orodha ya DOAJ ipo tangu 2003, na kutafuta jina la jarida humo ni kazi ya dakika mbili. Hata hivyo, kamati zinazopandisha watu vyeo zikiendelea kuhesabu makala kama magunia ya pamba, matapeli hawatakosa wateja.

Mimi nilipata barua pepe yao kabla sijamaliza sura ya pili ya tasnifu. Waliahidi kunichapisha ndani ya siku tatu. Hawakuuliza hata nimetafiti nini.