Injini inayomisi isipakie wagonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huku vijijini limezoeleka mno, nalo ni kupakia abiria na wagonjwa katika magari ambayo injini zake zinamisi.

Kila anayepanda magari ya kwenda gulioni anaujua mlio huo. Gari likisimama linatetemeka, likianza kupanda mlima linashtukashtuka na kukosa nguvu, na bomba la moshi linatoa harufu ya petroli. Ukimwuliza dereva atakujibu, "Ni plagi tu, Mwalimu, tutafika." Ukimwuliza mwenye gari atakuambia kuwa biashara bado haijachanganya. Basi jambo dogo linaachwa mwezi baada ya mwezi.

Mwaka jana mama mmoja wa kijijini kwetu alishikwa na uchungu usiku, akapakiwa katika gari la namna hiyo kwa kuwa hapakuwa na jingine. Kwenye mlima injini ilikuwa ikivuta kwa silinda tatu badala ya nne. Ndugu zake walishuka wakasukuma. Mama na mtoto walisalimika, tunamshukuru Mungu, lakini safari ya saa moja iliwachukua saa tatu. Siku mbili baadaye fundi alibadili plagi nne pamoja na waya zake, na gari likapona asubuhi ile ile. Kama dawa yenyewe ilikuwa hiyo, mwenye gari alikuwa akingoja nini?

Kazi ya plagi ni kutoa cheche ya kuwasha petroli na hewa ndani ya silinda. Injini ya gari ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hutakiwa kuwashwa mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kila sekunde. Kazi hiyo huila ncha ya plagi polepole. Mwanya wake, ambao katika magari mengi huwa karibu na milimita moja, hupanuka, na cheche hupata taabu kuuruka.

Waya za plagi nazo hupitisha umeme wa volti zaidi ya 10,000. Wanafunzi wangu wanajua kuwa umeme hufuata njia iliyo rahisi. Mpira wa waya ukipasuka kwa joto na oili, umeme huvujia kwenye chuma cha injini badala ya kufika kwenye plagi. Ukifunua boneti gizani injini ikiwa inanguruma, pengine utaziona cheche za buluu zikirukaruka kando ya waya. Ndiyo sababu magari hayo husumbua zaidi siku za mvua.

Hapa ndipo madereva wetu wanapokosea. Wengine huikwangua plagi kwa msasa na kuirudisha, wengine huifunga waya kwa nailoni. Wengine hununua plagi mpya lakini huacha waya zilizopasuka. Huko ni sawa na kubadili balbu ya tochi na kuacha betri zilizokufa.

Hata hivyo, si kila injini inayomisi inaugua plagi. Fundi mzuri huzitazama plagi kuukuu kabla ya kuzitupa. Yenye rangi ya kahawia hafifu na iliyo kavu inaonyesha silinda ni nzima. Yenye masizi meusi inaonyesha petroli imezidi hewa. Iliyolowa oili inaonyesha injini inakula oili, na hapo plagi mpya haitadumu. Pia fundi huacha injini ipoe, huanza kuikaza plagi kwa mkono ili asiharibu hesi, na hubadili waya moja moja. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpango wa 1-3-4-2, hivyo akizing'oa zote pamoja na kuzichanganya, gari litamisi kuliko mwanzo.

Bodaboda nao wasidhani kuwa hayawahusu. Pikipiki nyingi zina silinda moja na plagi moja. Cheche ikikatika, hakuna silinda nyingine ya kusaidia.

Najua wenye magari watasema kuwa barabara ni mbovu na nauli ni ndogo. Ni kweli. Lakini petroli isiyowaka hutupwa nje kwa bomba la moshi, na nyingine husafisha oili kwenye kuta za silinda hadi ringi zikasagika. Anayekwepa gharama ya plagi leo atalipa gharama ya injini nzima kesho. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, serikali za vijiji zikubaliane na wenye magari na pikipiki kuwa chombo kinachomisi kisipakie mgonjwa wala mjamzito mpaka kitengenezwe, isipokuwa pale ambapo hakuna kingine kabisa. Pili, Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, isiishie bandarini na katika maduka makubwa ya mijini. Ifike na huku wilayani, kwa maana plagi ya bandia hufanana na halali mpaka utakapofika mlimani. Tatu, VETA iwaletee mafundi wetu wa chini ya mwembe kozi fupi, kwa kuwa wengi wana mikono hodari lakini hawajapata wa kuwaonyesha.

Sisi abiria nasi tuna wajibu. Tunaposikia injini inakohoa tusikae kimya kwa sababu tu tunataka kuwahi. Tuulize. Mgonjwa hawezi kushuka kusukuma gari.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Makete.